Laptopu moja, vituo vinne: kubadili mipangilio ya mtandao bila kuiandika upya kila asubuhi

Mwezi wa nane, msimu wa pili wa zabibu, nilikuwa nimekaa Hombolo, Dodoma, mbele ya ghala la chama cha msingi, mizani upande wa kulia, na mbele yangu foleni ya wakulima waliokuwa shambani tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kilo za kila mmoja kwenye mfumo wa malipo ulioko mtandaoni. Nikawasha hotspoti ya simu. Laptopu ikaiona, ikaunganika, alama ya Wi-Fi ikajaa. Hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Nikazima simu na kuiwasha. Nikanunua bando jingine nikidhani la kwanza limekata. Nikabeba laptopu hadi kwenye kichuguu nyuma ya ghala nikitafuta mnara. Mweka hazina, mzee wa heshima zake, akanifuata taratibu.

"Mwanangu, mashine imegoma?"

"Mtandao unasumbua, babu. Nivumilie kidogo."

Haukuwa mtandao. Simu ile ile ilikuwa inapokea ujumbe wa WhatsApp mkononi mwangu. Siku iliyotangulia, ofisini kwetu Makole, nilikuwa nimeandika anwani ya IP ya ofisi, ile namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, kwa mkono ili niifikie printa na seva ya hesabu. Niliiandika kwenye lile dirisha la zamani la Control Panel, na dirisha lile haliulizi uko wapi. Ukiandika humo umeiandikia kadi nzima ya Wi-Fi, popote utakapokwenda nayo. Pale Hombolo laptopu ilikuwa inajitambulisha kwa simu yangu kwa anwani ya Makole, na inaliulizia lango la Makole, njia ya kutokea nje, ambalo halikuwepo.

Tulimaliza kwa daftari na kalamu. Niliingiza kila kitu usiku nikiwa nyumbani, na malipo yakatoka siku mbili baada ya siku iliyoahidiwa. Mtu aliyepalilia, akamwagilia na kupogoa miezi yote ile, siku mbili kwake si kitu kidogo. Hakuna aliyenilalamikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wiki ile ile nilikaa chini nikapanga laptopu yangu ya Windows upya, na mpango huo ndio ninaouandika hapa kwa ajili ya mhasibu, afisa ugani, mwalimu au yeyote anayezunguka na mashine moja sehemu nyingi.

Jambo lenyewe ni hili: laptopu inaweza kufundishwa kila mahali mara moja tu, ikakumbuka. Kuandika tarakimu zile zile kila asubuhi na kuzifuta kila jioni ndiko kunakozaa makosa.

Anza na daftari, si laptopu

Orodhesha sehemu unazofanyia kazi, na kila moja uandike inataka nini. Yangu iko hivi.

Nyumbani Ipagala kuna ruta ndogo. Inagawa anwani yenyewe kwa kila kifaa kinachoingia, kazi inayoitwa DHCP. Hapo laptopu haihitaji kuambiwa chochote.

Ofisini Makole kuna Wi-Fi na waya, na vyote viwili vinataka anwani ya kudumu niliyopangiwa, kwa sababu seva ya hesabu inaruhusu anwani zilizosajiliwa tu.

Kwa mteja wangu mmoja upande wa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, anwani inatolewa yenyewe lakini huwezi kutoka nje bila kupitia proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi yako na kuyapeleka mtandaoni.

Halafu kuna vijijini, na kuna treni ya kwenda Dar es Salaam. Huko ni hotspoti ya simu, na kila megabaiti ninailipia mwenyewe.

Mahali panapotaka anwani ya kudumu utapewa namba nne. Ya kwanza ni anwani ya laptopu yako, kwa mfano 192.168.10.45. Ya pili ni maski, mara nyingi 255.255.255.0, inayoiambia laptopu majirani wake ni akina nani. Ya tatu ni lango, kwenye skrini inaandikwa Gateway, ndiyo njia ya kutokea nje. Mara nyingi ni ruta yenyewe, 192.168.10.1. Ya nne ni DNS, anayegeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukikosea moja kati ya hizi, dalili yake ni tofauti na ya nyingine, na nitaieleza mwishoni.

Ukiwa mahali ambapo mtandao unafanya kazi vizuri, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika

ipconfig /all

halafu piga picha ya skrini kwa simu. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako. Siku kitu kikiharibika utajua kilivyokuwa kabla hujakigusa. Nina picha ya kila kituo kwenye simu, na nimeziandika pia nyuma ya daftari la hesabu kwa sababu simu huisha chaji.

Kabla ya kuandika anwani yoyote, mwone mtu wa IT

Hili nalisisitiza kuliko yote. Njia bora ya kuwa na anwani ya kudumu ofisini ni kutoiandika kwenye laptopu kabisa. Kwenye ipconfig /all utaona mstari ulioandikwa Physical Address, wenye herufi na namba sita mbilimbili. Hiyo ni alama ya kadi yako ya mtandao. Mpe mtu wa IT alama hiyo, naye anaweza kuiambia ruta au seva: kila kifaa hiki kikija, kipe 192.168.10.45, na usimpe mwingine. Laptopu inabaki kwenye mpangilio wa kujipatia anwani yenyewe, unakwenda nayo Kondoa, Singida au Mpwapwa bila kubadili kitu, na ukirudi ofisini inapewa namba yake ile ile.

Mambo mawili yaangalie hapo. Kadi ya Wi-Fi na tundu la waya kila moja ina alama yake, na kiadapta cha USB nacho kina yake, kwa hiyo peleka zote unazotumia. Pili, Windows ina swichi inayoitwa "Random hardware addresses" ambayo huficha alama halisi kwa kutumia ya kubuni. Inafaa kwenye Wi-Fi za hadharani, lakini kwenye Wi-Fi ya ofisi izime, la sivyo ruta haitakutambua.

Si kila ofisi itakukubalia. Kwetu haikuwezekana kwa sababu ruta ni ya zamani na haina uwezo huo. Kama jibu ni hapana, basi upewe anwani rasmi. Usijichagulie.

Niliwahi kujichagulia. Ilikuwa ofisi nyingine, miaka kadhaa nyuma. Niliangalia wenzangu wana namba zipi, nikachukua iliyoonekana wazi. Asubuhi ile printa kubwa ya ghorofa ilikuwa bado imezimwa, kwa hiyo Windows haikuona mgongano wowote nilipoandika. Printa ilipowashwa ikakuta anwani yake ina mtu. Hadi saa sita mchana hakuna hati iliyochapwa ghorofa nzima, na palikuwa na mishahara ya kuchapa. Fundi alikuja, akaangalia karatasi, akaangalia waya. Kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau: aliizima printa kabisa, akachomoa na umeme wake, halafu kwenye kompyuta ya jirani akaandika ping, amri ya kuuliza kama kifaa kipo, na anwani ya printa. Kitu kikajibu. Printa imezimwa, na kitu kinajibu. Akageuka akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Nani kaandika IP kwa mkono leo?" Nilinyoosha kidole. Kila ninapoona mtu anabahatisha namba ya mwisho namkumbuka yule fundi.

Wi-Fi: kila jina la mtandao na mpangilio wake

Hapa ndipo Windows 10 na 11 zilipotusaidia sana, na watu wengi hawajui. Kuna sehemu mbili za kuandika anwani, na hazifanani.

Sehemu ya zamani ni ile ya Control Panel, unayoifikia pia kwa kuandika ncpa.cpl kwenye Start. Hiyo inashika kadi nzima, ndiyo iliyonikwamisha Hombolo. Ingia humo mara moja ya mwisho: bofya kitufe cha kulia juu ya Wi-Fi, chagua Properties, kisha Internet Protocol Version 4, halafu weka alama kwenye "Obtain an IP address automatically" na kwenye "Obtain DNS server address automatically". Funga. Kwa upande wa Wi-Fi usirudi tena humo.

Sehemu mpya iko Settings. Ingia "Network & internet", kisha Wi-Fi, kisha "Manage known networks". Utaona majina ya mitandao yote uliyowahi kuingia. Chagua jina la Wi-Fi ya ofisi peke yake. Kwenye mstari wa "IP assignment" bofya Edit, badili kutoka Automatic kwenda Manual, washa IPv4, ujaze namba zako nne. Baadhi ya matoleo badala ya maski huuliza "Subnet prefix length". Kama maski yako ni 255.255.255.0, hapo andika 24. Hifadhi.

Ulichokiandika sasa ni mali ya jina lile tu. Ukifika nyumbani, jina la Wi-Fi ni jingine, na laptopu itajipatia anwani yenyewe. Ukirudi ofisini, inavaa ya ofisi. Hakuna cha kubofya. Kwa mtu anayetumia Wi-Fi tupu bila waya, kazi yake imeishia hapa, na ningemshauri aende akanywe chai.

Tahadhari moja: ofisi ikibadili jina la Wi-Fi, hata kwa herufi moja, laptopu itaiona ni ngeni na itabidi uandike tena. Ndiyo maana daftari lina kazi yake.

Waya: mafaili mawili kwenye desktopu

Waya hauna jina. Laptopu haiwezi kujua kama waya uliochomekwa ni wa Makole au wa nyumbani, kwa hiyo ujanja wa majina haufanyi kazi.

Kama mtandao wa waya ofisini hauna kabisa kitu kinachogawa anwani, ipo njia nyepesi. Rudi ncpa.cpl, safari hii kwenye Ethernet, yaani kadi ya waya, ingia Internet Protocol Version 4, acha alama kwenye kujipatia yenyewe, na utaona kichupo cha pili kinaitwa "Alternate Configuration". Jaza namba za ofisi humo. Laptopu itaomba anwani kwanza. Isipojibiwa, itatumia hizo. Nyumbani ruta inajibu, ofisini hakuna wa kujibu, na yote yanakwenda. Lakini kama ofisini kuna DHCP ya wageni inayojibu kila anayekuja, njia hii haitakufaa, maana utapewa namba ya mgeni.

Kwetu Makole iko hivyo, kwa hiyo natumia mafaili. Fungua Notepad uandike mistari hii mitatu, ukiweka namba ulizopewa wewe mahali pa hizi za mfano:

netsh interface ipv4 set address "Ethernet" static 192.168.10.45 255.255.255.0 192.168.10.1
netsh interface ipv4 set dnsservers "Ethernet" static 192.168.10.2 primary
pause

Unapohifadhi, kwenye "Save as type" chagua "All files", kisha lipe jina ofisi.bat. Usipobadili hapo, Notepad itaongeza .txt kimyakimya, na ukilibofya litafunguka kama barua tu.

Faili la pili, liite nyumbani.bat:

netsh interface ipv4 set address "Ethernet" dhcp
netsh interface ipv4 set dnsservers "Ethernet" dhcp
pause

Neno "Ethernet" ndani ya alama za nukuu lazima lilingane na jina la kadi yako. Ukitumia kiadapta cha USB linaweza kuwa "Ethernet 2". Hakikisha kwa kuandika netsh interface show interface, usome jina lilivyo, nafasi na herufi kubwa zake. Ile pause ya mwisho inashikilia dirisha wazi ili usome kama kuna kosa. Bila hiyo dirisha jeusi linawaka na kuzima kabla jicho halijafika. Ukiendesha nyumbani.bat wakati tayari uko kwenye DHCP, Windows itakuambia tayari imewashwa. Hilo si kosa.

Amri hizi zinahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Bofya faili kwa kitufe cha kulia uchague "Run as administrator". Mimi nimetengeneza njia ya mkato ya kila faili kwenye desktopu, nikaingia Properties ya njia ile ya mkato, kisha Advanced, nikaweka alama kwenye "Run as administrator". Sasa nabofya mara mbili, naingiza nywila ya msimamizi, imekwisha. Nimezipa na alama tofauti za picha: ya nyumba na ya jengo, ili nisibofye isiyo yenyewe nikiwa na haraka.

Kanuni yangu, na naomba uifanye yako: kabla ya kufunga laptopu kuondoka ofisini, nabofya nyumbani.bat. Laptopu ilale ikiwa kwenye mpangilio wa kujipatia anwani, kwa sababu huo ndio unaokubalika karibu kila mahali. Anwani ya ofisi iwe ni vazi la kazini, linavuliwa mlangoni.

Proksi ina tabia yake

Proksi haifuati jina la Wi-Fi wala waya. Kwenye Windows inakaa kwa mtumiaji, na ukiiwasha Mtumba utatoka nayo hadi nyumbani. Dalili yake inachanganya: mtandao upo, ping inajibu, lakini Chrome inakuambia imeshindwa kuifikia proksi, ikitaja ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Ukiona maneno hayo usihangaike na ruta.

Jaza anwani ya proksi na namba ya mlango wake (Port) mara moja kwenye Settings, "Network & internet", Proxy, sehemu ya "Manual proxy setup". Baada ya hapo kinachobadilika ni kuwasha na kuzima tu. Anwani inabaki imeandikwa. Unaweza kuifanya kwa mkono kupitia swichi ile ile, au kwa faili. Langu la kuwasha lina mstari mmoja:

reg add "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Internet Settings" /v ProxyEnable /t REG_DWORD /d 1 /f

La kuzima ni mstari huo huo, 1 ikibadilishwa kuwa 0. Funga kivinjari ukifungue upya baada ya kulibofya.

Usiunganishe mstari huu na yale mafaili ya waya. Nilijaribu, na ulinipotezea jioni nzima. Kwenye laptopu hii mimi si msimamizi. Nikibofya "Run as administrator" naingiza nywila ya akaunti nyingine. Mstari wa proksi unaandika kwa yule anayeuendesha, kwa hiyo proksi ilikuwa inawashwa kwenye akaunti ya msimamizi na yangu inabaki vilevile. Faili la proksi liendeshe kawaida, bila ruhusa yoyote ya ziada.

Firefox huweza kuwa na mpangilio wake wa proksi. Kama Chrome inafunguka na Firefox haifunguki, angalia humo kwanza, uiweke ifuate mfumo.

Hotspoti, bando, na Wi-Fi za hadharani

Siku ya kwanza ukiunganisha laptopu kwenye simu yako, kabla ya kufanya lolote, ingia kwenye Properties za mtandao huo uwashe "Metered connection". Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na OneDrive itasimama kusawazisha. Mtu wa kijijini anayenunua bando la siku anajua maana yake. Mpangilio huu nao unakaa na jina la mtandao, kwa hiyo ukibadili jina la hotspoti ya simu uuwashe tena. Nakushauri uipe hotspoti jina moja na usiliguse.

Kwenye treni kutoka Dodoma nafanya kazi zangu za mtandaoni mapema, kwa sababu kwenye mahandaki ya Kilosa simu inapotea na kurudi. Nikiwa huko sibadili mpangilio wowote hata kama ukurasa umekwama. Nasubiri tutoke upande wa pili.

Ukurasa huo huo wa Properties ndio wenye chaguo la Public na Private. Nyumbani na ofisini weka Private ili printa na mafaili ya pamoja yaonekane. Stendi, hotelini, kwenye treni, weka Public, laptopu ijifiche. Laptopu ya mhasibu ina majina ya watu na fedha zao. Hili si la kuachia bahati.

Nyumba za wageni za Dodoma, hasa wakati wa Bunge, nyingi zina Wi-Fi inayokuletea ukurasa wa kuingiza namba ya chumba. Kama uliwahi kuandika DNS kwa mkono kwenye kadi, labda 8.8.8.8, DNS ya Google, kwa ushauri wa rafiki, ukurasa ule unaweza usitokee kabisa. Rudisha DNS kwenye kujipatia yenyewe, ujaribu tena.

Wenye Mac na Ubuntu

Mac ina kitu kinaitwa Locations kwenye mipangilio ya mtandao. Unatengeneza Location ya kila mahali, yenye anwani, DNS na proksi zake kwa pamoja, kisha unabadili kutoka menyu ya tufaha juu kushoto. Natamani Windows ingekuwa na hicho.

Ubuntu nayo inakumbuka. Tengeneza miunganisho miwili ya waya kwenye mipangilio, mmoja uuite Ofisi na mwingine Nyumbani, kisha uchague kwa kubofya, au kwa kuandika nmcli connection up Ofisi. Kijana mmoja wa chuo tunayemtumia wakati wa ukaguzi hufanya hivyo kwa sekunde mbili.

Ikigoma, ulizia kwa mpangilio huu

Usianze kwa kununua bando. Andika ipconfig usome mstari wa IPv4.

Ikiwa inaanza na 169.254, laptopu iliomba anwani na hakuna aliyeipa. Ruta imelala, waya umelegea, au uko kwa waya kwenye ofisi isiyogawa anwani na hujabofya ofisi.bat.

Ikiwa inaonyesha namba ya ofisi na wewe hauko ofisini, umesahau kuvua. Bofya nyumbani.bat, au kagua lile dirisha la zamani. Hotspoti ya iPhone kwa kawaida hutoa namba zinazoanza na 172.20.10, simu za Android, hasa za zamani kidogo, mara nyingi 192.168.43. Ukishazoea namba za simu yako, jicho moja linatosha.

Ikiwa anwani inaonekana sawa, pingi lango, yaani andika ping na namba yake. Likijibu, pingi 8.8.8.8. Ikijibu hiyo lakini majina ya tovuti hayafunguki, kosa liko kwenye DNS. Majina nayo yakijibu na kivinjari bado kimekataa, ni proksi.

Kuna mtego mmoja ulionisumbua kuliko yote. Namba za 192.168 ni za ndani. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, na ruta nyingi za dukani huja na 192.168.1.1. Kama ofisi na nyumbani zote zina 192.168.1, ukisahau anwani ya ofisi ukiwa nyumbani, mambo yatakwenda nusunusu: lango litajibu, 8.8.8.8 itajibu, na majina hayatafunguka kwa sababu DNS ya ofisi haipo. Utaapa kwamba ni hitilafu ya mtandao wa mtaa mzima. Nilibadili ruta yangu ya Ipagala ikawa 192.168.77.1, na tangu hapo nikiona 77 najua niko kwangu.

Mafaili yako yote ya bat yanakili kwenye flashi, pamoja na picha za ipconfig. Laptopu ikipelekwa kwa fundi ikarudi imesafishwa, utayarudisha kwa dakika moja. Na siku ukihama ofisi, ingia "Manage known networks" ubofye Forget kwenye jina lao, ufute ofisi.bat, kisha umwambie mtu wa IT kwamba ile namba yako iko wazi, ampe mwingine.